Hela za mlangoni hazilali kwako: kwa makatibu wapya wa soka

Jumapili iliyopita nilikwenda kutazama nusu fainali ya ligi ya kata. Mpira ulipokwisha, katibu mpya, kijana mchapakazi kwelikweli, alizoa hela za mlangoni akazitia kwenye begi la mgongoni, akapanda bodaboda. Nilimwita. "Shikamoo mwalimu, hesabu nitaiweka kwenye grupu kesho." Kesho haikuwekwa, keshokutwa haikuwekwa. Simwiti mwizi. Namfahamu tangu anacheza chandimu pale nyuma ya shule, na ndiyo maana nilikosa usingizi. Mimi nilianza vilevile.

Ninyi mliochaguliwa mwaka huu ni wadogo zangu, wengine nimewafundisha darasani. Nisikilizeni.

1. Mapato ya mlangoni yahesabiwe palepale uwanjani. Vishina vya tiketi mezani, kamishna wa mchezo yupo, viongozi wa timu zote mbili wapo, mweka hazina anapokea na kukata stakabadhi. Msiseme giza limeingia. Simu zina tochi.

Mwaka 2011 nilikuwa katibu wa chama cha soka cha wilaya. Fainali yetu ilijaza watu: tiketi 1,186 za shilingi elfu moja moja. Tukalipa waamuzi, kamishna, askari na uwanja, zikabaki 612,000. Mweka hazina wetu, mama mmoja muuza vitenge, alikuwa amewahi kuondoka kwenda kufungua msiba. Nikazifunga kwenye mfuko wa rambo, nikaenda nazo nyumbani, nikazisukuma chini ya godoro. Nia yangu ilikuwa kumpelekea asubuhi.

Asubuhi fundi akaja. Nyumba yangu ilikuwa imefika kwenye kenchi, mvua za masika zilikuwa zinanukia, na duka la vifaa lilikuwa na bati kwa 17,000. Nikachukua 340,000, nikanunua bati ishirini. Mshahara ulikuwa umebakiza siku tisa. Nilijiambia nakopa tu, wala sikuandika popote kwamba nimekopa.

Siku ya nne beki wetu wa kushoto alivunjika mguu mazoezini. Nilikuwepo, niliusikia ule mfupa. Hospitali ikataka kianzio cha 400,000 ili apasuliwe. Kamati tendaji ikakutana usiku huohuo, uamuzi ukachukua dakika mbili: fedha za fainali zitoke. Mwenyekiti akamgeukia mama, mama akasema hajakabidhiwa. Wote wakanitazama mimi.

Nikasema, "Nilishamkabidhi."

Sikuwa nimeipanga hiyo kauli. Ilitoka. Na ilipokwisha kutoka, ikapata watetezi. Mimi mwalimu, nimevaa shati la mikono mirefu, muhtasari nauandika mimi. Yeye alisoma mpaka darasa la nne. Hakuna aliyeomba kuona stakabadhi. Mjumbe mmoja akamwambia, "Mama, labda umesahau, msiba huchanganya akili." Mama alifungua daftari lake la karatasi za kaboni, akalisukuma katikati ya meza, ukurasa wa tarehe ile ukiwa mweupe. Hakuna aliyeinama kusoma. Alifunga daftari, akaaga. Kesho yake alipeleka hospitali shilingi laki nne za mtaji wake, na wiki iliyofuata kamati ikamsimamisha. Barua ya kumsimamisha niliichapa mimi, nikaigonga mhuri mimi.

Ilinichukua miezi minne kusema ukweli. Mshahara ulitoka, nikazirudisha zile fedha kimyakimya kwenye akaunti, nikadhani nimemaliza. Lakini kijana alipopona alikwenda kumshukuru mama dukani, akakuta duka limebaki shelfu moja, akaja kuniuliza mimi, mwalimu wake, imekuwaje. Nikamwambia yeye kwanza. Kisha nikaitisha kikao cha dharura, nikasema mbele ya wajumbe wote, mama akiwepo, nikajiuzulu. Chama kikamrudishia laki nne zake na kumwomba arudi kwenye nafasi. Hakurudi. Tukikutana sokoni ananijibu salamu vizuri, ananiuliza watoto. Mvua ikinyesha usiku naisikia kwenye bati zile, mpaka leo.

Mnaponiona nang'ang'ania karatasi, mjue chanzo chake. Stakabadhi moja tu ingemlinda yule mama.

2. Lipa namba iwe kwa jina la chama, isiwe kwa jina lako wala la shemeji yako. Na masurufu, yaani fedha mnazopewa mkononi kwa shughuli, yarejeshwe ndani ya wiki, na risiti zake.

3. Orodha ya msafara isainiwe kabla gari halijawashwa. Mnakumbuka Rio 2016. Wakenya walirudi na medali 13, sita za dhahabu, wakati nyumbani watu wanauliza sare za wanariadha zimeishia wapi na nani alimlipia nani safari. Septemba 2021 mahakama ya Nairobi ilimtia hatiani Hassan Wario, aliyekuwa waziri wa michezo, kwa kutumia vibaya madaraka, kuhusu watu walioongezwa kwenye msafara ule. Faini shilingi milioni 3.6 za Kenya au jela miaka sita.

Mtasema hayo ni ya mawaziri. Coaster yetu ilikuwa na siti 28. Safari moja ya mkoani tulipanda 31, na wachezaji walikuwa 16 tu. Waliobaki ni wapambe, binamu wa mjumbe, na wazee wawili wa "kamati ya ufundi" waliobeba mkoba ambao hatukuruhusiwa kuuliza una nini. Kipa wetu alisimama kutoka njia panda hadi tulipofika. Tulifungwa matatu, mawili yakimpita kipa yuleyule, na njia nzima ya kurudi wapambe wakamlaumu yeye. Mpaka leo natamani ningewateremsha stendi.

4. Jambo likiharibika chini yako, jitokeze kabla hujabanwa. Miaka ya 1970 watuhumiwa walikufa mikononi mwa vyombo vya dola kule Shinyanga. Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, hakumgusa mtu hata kwa kidole, lakini wizara ilikuwa yake, akajiuzulu. Mwaka 1985 akawa Rais wa Jamhuri ya Muungano, na alipofariki Februari 2024 watu waliikumbuka na barua ile ya kujiuzulu. Nanyi timu ikinyang'anywa pointi kwa sababu fomu za usajili zilichelewa, msimtupie mzigo kijana wa ofisini aliyetumwa kuzipeleka. Fomu ni za katibu.

5. Andaeni kuondoka tangu mnaingia. Leodegar Tenga alikuwa nahodha wa Taifa Stars iliyocheza Mataifa ya Afrika kule Lagos mwaka 1980. Akaongoza TFF, shirikisho la soka la Tanzania, kuanzia 2004, na 2013 akaacha kugombea, akakabidhi. Tulisubiri hadi 2019 Stars kurudi kwenye mashindano yale, na wazee wa jukwaani kwetu wakisimulia vikosi vyote viwili hawakosi kumtaja.

Kwa hiyo fanyeni makabidhiano ya maandishi: leja, vitabu vya stakabadhi, kitabu cha hundi, majina ya wanaosaini benki, mhuri. Mimi mhuri ulikaa kwenye droo yangu miezi miwili baada ya kujiuzulu, kwa sababu hakuna aliyeudai nami sikutaka kuachana nao. Jumamosi hii nitakuwa uwanjani kuanzia saa tisa, upande wa mwembe. Yule kijana wa begi nimeshamwambia aje na hesabu ya nusu fainali, na mweka hazina wake. Wengine njooni na vitabu vyenu, tuvipitie ukurasa kwa ukurasa.