Barua kwa mwanangu: udiwani au mikoko?

Mwanangu Rehema,

Swali lako nimelipata. Wazee wa kata wanakutaka ugombee udiwani, na wenzako wa kikundi cha kupanda mikoko wanasema ukiingia siasa umewauza.

Nikukumbushe habari za Dominique Voynet, niliyemfuatilia sana nilipokuwa nafundisha Kifaransa. Alikuwa daktari wa nusukaputi, na tangu ujanani alikuwa kwenye chama cha kulinda mazingira huko Belfort, mashariki ya Ufaransa, akipinga vinu vya nyuklia vya Fessenheim na Malville. Pale Malville, Julai 1977, polisi waliwarushia waandamanaji mabomu na mwalimu mmoja wa fizikia akafa. Kinu kikajengwa vilevile, kikawashwa 1985.

Mwaka 1984 Voynet alikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha siasa cha Kijani. Juni 1997 akawa waziri wa mazingira katika serikali ya waziri mkuu Lionel Jospin, na mwezi huohuo serikali ikatangaza kukifunga kinu cha Malville. Mfereji mkubwa wa kuunganisha mito ya Rhine na Rhône, ambao ungeuharibu mto Doubs, nao ukafutwa. Mwanangu, watu waliandamana miaka yote ile, lakini kalamu ya kufuta ilikuwa mezani kwa serikali.

Alilipia. Novemba ya mwaka uleule serikali yake iliruhusu kilimo cha mahindi yaliyobadilishwa vinasaba, na wanamazingira wakawaka. Mwaka 2000 kule The Hague, Uholanzi, aliongoza ujumbe wa Ulaya kwenye mazungumzo ya tabianchi. Yalipovunjika, waziri mmoja wa Uingereza akasema hadharani eti mama yule alikuwa amechoka mno. Mwaka 2007 aligombea urais akapata asilimia 1.57 tu. Hakukaa nyumbani: alikuwa meya wa Montreuil, akaongoza mamlaka ya afya kisiwani Mayotte, na 2024 akarudi bungeni.

Kwa hiyo mimi nasema gombea. Nyinyi mnapanda miche, na msimu ukifika watu wanaifyeka kwa ajili ya mashamba ya chumvi. Sheria ndogo za kuwazuia zinapitishwa kwenye baraza la madiwani, na humo hamna mtu. Ila kabla hujachukua fomu, waulize wazee mbele ya mashahidi kama watakuacha upinge hayo mashamba hata yakiwa ya mfadhili wao. Wakisitasita, baki na mikoko yako.

Baba yako anakubaliana nami. Tupigie ukishaongea nao.

Mama yako