Taa ya diski inawaka kompyuta ikiwa imetulia: tazama faili linalosomwa kabla ya kuzima huduma yoyote

Ndugu uliyeuliza, nimelisoma swali lako kwa makini, na kwa faida ya watakaofika hapa baadaye naanza kwa kulieleza kwa ufupi. Una kompyuta ya mezani katika duka lako la steshenari, yenye Windows 10, RAM ya GB 4 na diski ya kuzunguka ya GB 500. Ukiiacha kwa dakika kama kumi bila kuigusa, taa ya diski huanza kuwaka mfululizo na diski yenyewe husikika ikikoroma. Ukisogeza kipanya, kelele hupungua na baada ya muda mfupi hunyamaza. Unahofia virusi, na wachangiaji wawili waliotangulia wamekushauri uzime huduma mbili za Windows: SysMain, inayotayarisha mapema kwenye RAM programu unazotumia mara kwa mara, na Windows Search, ya kutafuta mafaili. Naomba usizizime kwanza. Ushauri huohuo niliufuata mimi kwenye kompyuta ya watu wengine, na hasara iliyofuata nitaieleza hapa chini.

Tuanze na dalili uliyoitaja mwenyewe, kwamba kelele hukoma ukigusa kipanya. Windows ina kundi la kazi za matunzo ambazo zimepangwa zisimsumbue mtumiaji: kukagua masasisho, kupima usalama kwa antivairasi yake, kupanga upya vipande vya mafaili yaliyotawanyika kwenye diski, na kazi nyingine za aina hiyo. Kwa kawaida kazi hizo zimewekewa saa 8 usiku. Kompyuta ikiwa imezimwa saa hiyo, Windows huzihesabu kuwa hazijafanyika na huzianza mara nyingine itakapoona kompyuta imewashwa lakini hakuna anayeitumia. Sasa fikiria duka la kawaida la kwetu. Jioni kompyuta huzimwa, na mara nyingi hata swichi kubwa ya ukutani huzimwa kwa kuhofia umeme kurudi kwa kishindo. Saa 8 usiku haiikuti kamwe mashine hiyo ikiwa macho. Asubuhi inawashwa, mteja anahudumiwa, mwenye duka anatoka kwenda kunywa chai, na hapo ndipo Windows inapopata nafasi ya kulipa deni lake la usiku. Akirudi na kushika kipanya, kazi zinasitishwa kabla hazijakamilika, na kesho mambo ni yaleyale. Nimeona maduka ambayo hali hii imeendelea kwa miezi, kwa sababu tu kompyuta haikuwahi kuachwa ikamaliza.

Kwa hiyo dalili yako inaelekea zaidi upande wa matunzo kuliko upande wa virusi. Lakini kuelekea si kuthibitika, na kuthibitisha ni kazi ya dakika tano.

Bofya kitufe cha Start, andika resmon, kisha fungua Resource Monitor na uende kwenye ukurasa wa Disk. Watu wengi huishia Task Manager, dirisha la Windows linaloorodhesha programu zinazoendeshwa, nalo hukuambia kwamba diski imefika asilimia 100, jambo ambalo taa ilikwisha kukuambia, na programu inayoitumia, bila kutaja faili. Resource Monitor hukuonyesha jina la faili lenyewe linalosomwa au kuandikwa, programu inayolishughulikia, kiwango cha kipaumbele, na muda ambao diski inachukua kujibu. Uiache ikiwa wazi, uondoe mkono kwenye kipanya, ukae pembeni mahali unapoweza kuisoma skrini, na usubiri kelele ianze. Ukiifungua baada ya kelele kuanza, utakuwa umeshaigusa kompyuta na unachotaka kukiona kitakuwa kimejificha. Kama huwezi kusubiri, piga picha ya video ya skrini kwa simu na uitazame baadaye. Hivyo ndivyo nilivyofanya mara kadhaa.

Ukiona MsMpEng.exe ikipita faili baada ya faili, hiyo ni antivairasi ya Windows ikifanya ukaguzi. SearchIndexer.exe ndiyo Windows Search, huduma inayotengeneza faharasa ya mafaili yako ili utafutaji uwe wa haraka, na TiWorker.exe hushughulika na masasisho. Ukiona programu iitwayo System ikisoma na kuandika pagefile.sys kwa wingi, hapo RAM haitoshi: Windows inahamishia diskini vitu ambavyo vingepaswa kukaa kwenye RAM, na kwa GB 4, kivinjari kilichoachwa na kurasa 15 wazi kinatosha kuleta hali hiyo hata kama hakuna anayebonyeza kitu. Tazama pia safu ya kipaumbele. Kazi za matunzo mara nyingi huandikwa Background, yaani zimekubali kupisha kazi yako.

Hapa kuna jambo linalowatisha wengi bila sababu, nalo linahitaji hesabu kidogo. Mtu huona diski iko asilimia 100 huku mwendo ukiwa chini ya MB 1 kwa sekunde, akadhani kuna kitu kinachofichwa. Asilimia ile hupima muda ambao diski ina shughuli, wala haipimi wingi wa data. Diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 8.3, kwa hiyo kwa wastani kichwa cha kusomea husubiri milisekunde 4 hivi hadi data ipite chini yake, mbali na milisekunde 8 au 9 za mkono kusogea mahali panapotakiwa. Jumla ni kama milisekunde 13 kwa kila ombi, yaani maombi yasiyofika 80 kwa sekunde. Mafaili yakiwa madogo na yametawanyika, na kila ombi likileta KB 4 tu, diski nzima, ikifanya kazi kwa nguvu zake zote, hutoa kama KB 300 kwa sekunde. Diski hiyohiyo ikisoma faili moja kubwa lililopangwa mfululizo hufikia MB 100 kwa sekunde na zaidi. Hivyo asilimia 100 pamoja na mwendo mdogo ni hali ya kawaida kwa faharasa na antivairasi, kwa kuwa kazi zake ni za kurukaruka huku na huko.

Sharti ni kwamba muda wa kujibu uwe wa kawaida. Milisekunde 20, 50, hata 200 wakati foleni ni ndefu, hazinishtui. Ninaposhtuka ni pale ninapoona faili moja lilelile likikaa kwenye orodha na muda wake wa kujibu ukihesabika kwa maelfu ya milisekunde. Na hapa ndipo nifike kwenye kisa changu.

Niliitwa katika ofisi ndogo ya chama cha kuweka na kukopa, yenye kompyuta moja iliyobeba hesabu zote za wanachama. Malalamiko yalikuwa kama yako: taa haizimiki hata mhasibu akiwa ameketi tu akisubiri wateja. Nilifungua Task Manager, nikaona asilimia 100, nikakumbuka ushauri niliousoma sehemu nyingi, nikazima Windows Search na SysMain, nikawasha upya kompyuta. Taa ilitulia palepale. Mhasibu, mama mtu mzima na mwenye utaratibu sana, alinishukuru, nikaondoka nikiamini nimemaliza kazi.

Baada ya wiki tatu alinipigia simu kwamba daftari la mikopo halifunguki. Safari hii niliangalia nilichopaswa kuangalia mwanzoni. Niliweka CrystalDiskInfo, programu inayosoma kumbukumbu za afya zinazotunzwa na diski yenyewe, ikatoa onyo la manjano. Mstari wa sekta (vipande vidogo vya diski vinavyotunza data) zinazosubiri kuhamishwa, ambao kwenye programu hiyo una alama C5 na kwingine huandikwa 197, ulionyesha 138. Angalia kwamba programu hiyo huonyesha thamani ghafi kwa mfumo wa namba wa msingi wa 16 usipoibadilisha. 138 ile ni 312 kwa hesabu yetu ya kawaida. Kulikuwa na sekta 312 ambazo diski ilishindwa kuzisoma. Kisha nikafungua Event Viewer, programu ya Windows inayoonyesha kumbukumbu za matukio na makosa, sehemu ya System, nikakuta ujumbe wa chanzo disk wenye namba 7, ule unaosema diski ina sehemu mbovu. Ujumbe wa kwanza ulikuwa umeandikwa karibu mwezi mmoja kabla ya siku niliyokwenda mara ya kwanza. Ulikuwepo pale, na mimi sikuufungua.

Kilichotokea kinaeleweka ukikifuatilia. Huduma ya faharasa ilikuwa ikipita kwenye mafaili yote, na kila ilipofika kwenye sekta mbovu diski ilirudiarudia kusoma, ikiwaka taa bila kutoa data yoyote. Nilipozima huduma ile, hakuna kitu kilichobaki cha kuzigusa sehemu hizo wakati wa utulivu, kwa hiyo taa ilizimika huku ugonjwa ukiendelea. Nilikuwa nimekiondoa kitu pekee kilichokuwa kikitoa taarifa. Diski ile niliinakili kwenye mfumo endeshi wa Linux kwa ddrescue, programu ambayo huchukua kwanza sehemu zinazosomeka na kurudia zilizo ngumu baadaye, na tukapata sehemu kubwa ya mafaili. Lakini daftari la mikopo lilirudi na mapengo. Mama yule aliingiza upya miamala ya wiki saba kutoka kwenye vitabu vya stakabadhi za karatasi, akibaki ofisini hadi jioni kwa siku nyingi, na nilikwenda kumsaidia kusoma namba kila nilipopata nafasi. Vitabu vile vya karatasi ndivyo vilivyokiokoa chama.

Kwa sababu hiyo, ukikuta onyo la C5, au la sekta zilizokwisha kuhamishwa lenye alama 05, na namba zinaongezeka siku hadi siku, nakili mafaili yako kwanza kabla ya jambo lolote. Usiendeshe chkdsk (amri ya Windows ya kukagua diski) yenye /r kabla ya kunakili, kwa kuwa huilazimisha diski dhaifu kusoma uso wake wote, na inaweza kukufia katikati. Kama inayoongezeka ni C7 peke yake, badilisha waya wa SATA kabla ya kuilaumu diski, kwani namba ile huhesabu makosa ya mawasiliano kati ya diski na ubao mama.

Kuna hali nyingine ambayo inachanganya sana: diski inasikika ikifanya kazi lakini taa ya kompyuta haiwaki, na Resource Monitor haionyeshi chochote. Hapo kazi inafanywa na diski yenyewe kwa ndani. Mpiga picha mmoja wa harusi alinieletea diski ya nje ya TB 4 akisema inajiendesha, kwa kuwa iliendelea kukwaruza muda mrefu baada ya kumaliza kunakili video. Diski nyingi kubwa za bei nafuu huandika mistari ya data ikipandana kama makuti kwenye paa. Ukitaka kubadilisha kuti la chini lazima uinue yale ya juu yake. Kwa hiyo diski hupokea data kwanza kwenye eneo la muda, kisha hujipanga polepole ikipata utulivu. Nilimshauri aiache kwenye umeme hadi inyamaze, na haikuwa na tatizo lolote.

Kuhusu virusi, sikupuuzi hofu yako, hasa kwa duka linalopokea fleshi za kila mteja. Dalili ninayoiogopa kwenye Resource Monitor ni programu usiyoijua ikiandika, wala si kusoma tu, kwenye nyaraka na picha zako moja baada ya nyingine, na majina ya mafaili kuanza kubadilika mkia, yaani herufi za baada ya nukta. Ukiliona hilo, chomoa waya wa intaneti na uzime kompyuta papo hapo kwa kushikilia kitufe. Fahamu pia kwamba baadhi ya programu hasidi husimama Task Manager inapofunguliwa. Ndiyo maana nazipa uzito kumbukumbu zilizoandikwa kuliko ninachokiona kwa dakika moja. Vilevile Windows 10 iliacha kupata msaada wa kawaida wa Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, jambo ambalo kwa mashine ya dukani inayounganishwa kwenye intaneti ni zito kuliko kelele ya diski.

Kwa upande wako basi, anza na CrystalDiskInfo na Event Viewer leo hii. Vikiwa safi, chagua Jumapili moja ambayo duka limefungwa, hakikisha umeme wa kutosha au UPS, fungua Control Panel, nenda Security and Maintenance, chini ya Maintenance bonyeza Start maintenance, kisha uiache kompyuta bila kuigusa na bila kuiruhusu ilale hadi kazi ikamilike. Kwenye diski ya kuzunguka na RAM ndogo inaweza kuchukua saa kadhaa. Wiki inayofuata usikilize kama kelele imepungua. Ikiwa imebaki palepale na faili linaloonekana ni pagefile.sys, ongeza RAM ifike GB 8, na ukiweza uhamishie Windows kwenye SSD, ambayo haina mkono wa kusogea na hujibu kwa sehemu ndogo ya milisekunde.

Ukishatazama, niandikie hapa majina ya mafaili matatu ya juu kwenye Resource Monitor pamoja na muda wao wa kujibu, na thamani za mistari ya 05, C5 na C7. Na fleshi au diski ya nje unayotumia kuhifadhi nakala za kazi za wateja iandae usiku huu, kabla ya kuanza lolote kati ya haya.