"Kila Kitu Kiko Ndani ya Kodi": Kwanza Uliza Mita ni ya Nani

Msomaji wa Lolwe, Kisumu, ameleta swali ambalo wapangaji wengi hulikumbuka wakiwa wameshalipa dipoziti. Aliambiwa kodi ya elfu tisa ni pamoja na maji na stima. Mwezi wa pili msimamizi wa ploti akambishia mlango na karatasi ya shilingi 1,800. Je, ameibiwa? Pengine hapana. Aliambiwa "iko ndani", ila hakuuliza ni kiasi gani kilichomo ndani.

Tuanze na stima. Ukiwa na mita yako ya Kenya Power na unajinunulia tokeni kwa namba ya malipo 888880, mambo ni meupe: kodi ni kodi, stima ni stima. Shida iko kwenye ploti ambazo mita kubwa ni moja, halafu kila mlango una mita ndogo ya mwenye nyumba au hauna kabisa, bili inagawanywa tu. Hapo pesa hupotea hata kama hakuna mwizi. Kenya Power huwapanga wateja wa nyumbani kwa madaraja, ikitazama wastani wa matumizi ya miezi mitatu: hadi yuniti 30 kwa mwezi, kutoka hapo hadi 100, na kupita 100. Ukipanda daraja, bei ya kila yuniti inapanda. Nyumba nne zinazotumia yuniti 40 kila moja zingekaa daraja la kati kama kila moja ingekuwa na mita yake. Zikichangia mita moja zinafika 160, na wote wanalipa bei ya juu, hata yule mwenye balbu mbili na redio.

Kwa hivyo mwombe mwenye nyumba akuonyeshe ujumbe wa tokeni aliyonunua karibuni. Chukua pesa zote alizolipa, gawanya kwa yuniti alizopata. Hiyo ndiyo bei yake halisi, ushuru na tozo zote zikiwemo. Akiwatoza shilingi moja au mbili juu yake kwa kila yuniti, hesabu ni ada ya usumbufu. Kumi juu yake ni biashara, na ni haki yako kujua kwamba unafanyiwa biashara.

Hata mwenye mita yake asilale. Ingia nyumba unayotaka kupanga, zima swichi kuu ya ndani, kisha nenda ukaangalie kitaa chekundu cha mita yako. Kipe dakika tano. Kikiendelea kumetameta, kuna kitu kimeungwa kabla ya swichi yako: taa za ngazi, taa ya geti, au pampu ya maji. Taa ya wati 10 inayowaka saa 12 kila usiku hula kama yuniti 3.6 kwa mwezi, hiyo unaweza kusamehe. Pampu ya wati 750 ikipandisha maji kwenye tangi saa mbili kwa siku hula yuniti 45. Hapo unawanywesha majirani wote, na daraja lako linapanda juu yake.

Maji yana ujanja wake. Yuniti moja ya maji ni lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20. Ukiambiwa yuniti ni shilingi 150, unalipa shilingi tatu kwa mtungi; linganisha na bei ya mwenye mkokoteni wa mtaani kwako. Funga mifereji yote, kisha tazama kile kigurudumu kidogo kwenye uso wa mita. Kikizunguka, kuna mvujo, na mara nyingi ni tangi la choo. Pale maji yanapokuja kwa zamu, hewa iliyojaa kwenye bomba husukuma mita maji yakirudi, kwa hivyo ukisikia mfereji unapuliza, ufunge kidogo.

Uliza pia maji ni ya wapi. Nakuru ploti nyingi zinajivunia kisima, "maji ya bure". Lakini maji ya visima vya Bonde la Ufa mara nyingi yana floraidi nyingi, ile inayoyapaka meno rangi ya kahawia, na kuchemsha hakuiondoi. Kama utanunua ya kunywa dukani kila wiki, hayo maji si ya bure. Na wenye watoto wadogo wasilichukulie jambo hili kwa mzaha.

Maji taka husahaulika. Ploti iliyo kwenye bomba la mji hulipia kupitia bili ya maji. Iliyo na tangi la chini ya ardhi itahitaji lori la kunyonya, na mtu atalilipa. Nyalenda na sehemu za chini za Kisumu, maji ya ardhini yako karibu. Mvua za Machi hadi Mei zikikaza, mashimo hujaa upesi. Uliza lori lilikuja lini mara ya mwisho na nani alitoa pesa. Taka, askari wa usiku na Wi-Fi ni ndogo ndogo, ila zitajwe kwa jina na kiasi.

Watu huona haya kuandikisha mambo haya, eti mwenye nyumba atawaona wasumbufu. Mwenye nyumba mzuri hasumbuki na maandishi! Mstari mmoja unatosha: "Kodi ni 9,000 ikijumuisha maji hadi yuniti 4 na taka, yuniti ya ziada ni 150, stima mpangaji anajilipia." Siku ya kupokea funguo, piga picha ya mita zote mbili, tarakimu zionekane, umtumie msimamizi kwa WhatsApp ili saa na tarehe zibaki. Siku ya kuhama rudia hivyo hivyo kabla hujapakia godoro, kwa sababu dipoziti ya stima na maji hukatwa kwa tofauti ya picha hizo mbili.