Amortisa za mbele: tubadilishe au tuache?
Yaya, umeuliza kwa nini fundi anataka kubadilisha amortisa za mbele wakati resori (zile springi za chuma) bado ni nzima. Kweli, uzito wa gari unabebwa na resori. Ila resori peke yake ikigonga jiwe inaruka, inarudi, inaruka tena. Amortisa ndiyo inatuliza mruko huo: ndani yake kuna pistoni inayolazimisha mafuta kupita kwenye vitundu vidogo sana. Yanapita kwa shida, na nguvu ya ule mruko inageuka joto. Ukiigusa baada ya mashimo mengi ikawa moto, usiogope, inafanya kazi.

Gari nyingi ndogo zina mfumo wa MacPherson mbele: amortisa na resori zimeshikana kama nguzo moja, nayo inazunguka na gurudumu unapokata kona. Mtu asiifungue bila kifaa cha kubana resori! Ikifyatuka inavunja taya.

Chungulia nyuma ya gurudumu. Vumbi limegandamana na mafuta yaliyovuja kwenye amortisa? Tairi zinalika mabakamabaka? Badilisha amortisa zote mbili, kushoto na kulia. Kwa mawe haya ya volkano huku Goma, mimi nisingengoja.