Maswali Yenu: Waya wa balbu unalegeaje wakati haujayeyuka?

SWALI: Mhariri shikamoo. Nina balbu ya zamani ya taa ya gari, nikiiangalia kwa karibu ile springi ya ndani imeshuka katikati kama kamba ya kuanikia nguo. Si wanasema tangsteni, madini ya waya huo, inayeyuka kwenye nyuzi 3,422? Sasa imelegea vipi?

JIBU: Marahaba. Haijayeyuka ndugu yangu, imechoka tu. Chuma chochote kikikaa kwenye joto kali muda mrefu kinalegea kidogokidogo hata kwa uzito wake chenyewe, na waya wa balbu unafanya kazi kwenye nyuzi kama 2,500 hivi, mchezo huo? Tangsteni haimiminwi kama aluminiamu ya sufuria, inaanza kama unga, unashindiliwa, unaokwa bila kuyeyushwa mpaka ushikane, halafu unagongwa na kuvutwa mpaka uwe waya mwembamba, kazi aliyoifanikisha mtafiti Coolidge kule Marekani karibu 1910. Shida ni kwamba ukiwaka, chembe za ndani, yaani fuwele ndogondogo zinazounda waya, zinakua, mipaka yao inakata waya kwa upana na hapo zinateleza. Baadaye mtafiti mwingine, Aladar Pacz, akatia potasiamu kidogo kwenye ule unga. Potasiamu haichanganyiki na tangsteni, kwa hiyo inabaki vipovu vidogo mno vilivyojipanga mistari kufuata waya, vinazuia mipaka isihame, chembe zinakuwa ndefu na zinashikana kama vidole vilivyofumbatana. Hiyo yako ama imewaka miaka mingi au waya wake ni wa hovyo, mi naona ya pili.