Muulize Mkemia: Florini ndani ya protini

Nafundisha kemia kidato cha 6, Masasi. Nimesoma kwamba ukitoa haidrojeni kwenye asidi amino ukatia florini, protini inavumilia joto zaidi. Ni kwa kila protini?

Hapana, mwalimu. Inategemea umeitia wapi.

Protini nyingi hujikunja kwa kuficha ndani sehemu zisizopatana na maji. Asidi amino iitwayo liusini ni mojawapo, na ikivishwa florini inayakimbia maji kuliko mwanzo. Mwaka 2001 kundi la David Tirrell, Marekani, lilijaribu kwenye protini ambazo nyuzi zake husokotana kama kamba. Trifloroliusini (liusini yenye florini tatu) ilipandisha joto la kukunjuka kwa nyuzijoto 13, na heksafloroliusini (yenye sita) kwa 22.

Kikwazo ni ukubwa. Nusukipenyo cha haidrojeni ni pikomita 120, cha florini 147, na kundi la CF3 (kaboni yenye florini tatu) lina ujazo karibu mara mbili ya CH3, yaani lile lenye haidrojeni tatu. Pale ambapo ndani pamekwisha kubana, ni sawa na kulazimisha korosho kubwa iingie kwenye ganda la ndogo: ganda linapasuka. Ukiiweka nje, upande wa maji, protini zinagandana zenyewe kwa zenyewe na kuzama chini.

Kwenye kolajeni, protini ya ngozi na mifupa yenye nyuzi tatu zilizosokotana, habari ni nyingine kabisa, maana hapo maji si hoja. Florini huvuta elektroni na kuukunja upande mmoja mduara wa prolini, asidi amino iliyojaa kwenye kolajeni. Ronald Raines na wenzake mwaka 1998 walilinganisha minyororo mitatu mifupi: wenye prolini tupu ulikunjuka kwa nyuzijoto 41, wenye haidroksiprolini (prolini yenye kundi la OH) 69, wenye floroprolini 91. Ila florini hiyo ikielekezwa upande wa pili katika nafasi ile ile, msokoto wa nyuzi tatu hausimami.

Mimi ni mwanafunzi, Lindi mjini. Natengeneza jeli ya Fmoc-pentaflorofenilalanini (asidi amino yenye mduara wa florini tano, iliyofungiwa kundi la Fmoc lenye miduara isiyo na florini), lakini napata vipande vyeupe. Nakosea wapi?

Anza na vipimo. Pima miligramu 2.4, yeyusha kwenye mikrolita 20 za kiyeyushi cha DMSO hadi pasionekane hata chembe moja. Mimina maji safi mikrolita 980 kwa mkupuo, tikisa kwa nguvu sekunde chache, kisha usiiguse tena. Itakuwa nyeupe kama tui, halafu ndani ya dakika kadhaa itaanza kuwa angavu na kushika. Ukipindua kichupa, haimwagiki. Hapo una milimola 5 kwa lita na DMSO asilimia 2.

Vipande hutokea hasa ukitia maji tone kwa tone, au DMSO ikiwa haijayeyusha yote. Angalia pia chupa yenyewe: DMSO huganda kwa nyuzijoto 18.5, kwa hiyo chumba chenye kiyoyozi kikali kinatosha kuigandisha, na hewa yetu ya pwani inaijaza unyevu kila ukisahau kifuniko. Maji yakiwa na besi, upande wa asidi wa molekuli unapata chaji, molekuli zinasukumana, na jeli haitokei kabisa. Vaa glavu, DMSO hupenya ngozi na kubeba kilichomo.

Kinachozipanga ni mduara wenye florini tano: elektroni zimevutwa ukingoni, katikati pana upungufu, basi unalaliana vizuri na mduara wa kawaida usio na florini. Mfano ni huu: benzini, mduara wa kawaida, huyeyuka karibu na nyuzijoto 5, na heksaflorobenzini, mduara wenye florini sita, vilevile. Vichanganye nusu kwa nusu, mchanganyiko unayeyuka karibu na 24!

Ukitaka kupima mikunjo ya molekuli kwa mwanga wa nanomita 208 na 222, usitumie sampuli hii. DMSO inaumeza mwanga huo wote. Na kwa peptidi (minyororo mifupi ya asidi amino) zilizosafishwa kwa asidi ya trifloroasetiki, ukipima florini kwa NMR, kipimo kinachotumia sumaku, utaona mstari karibu na −76 ppm ambao si wa peptidi yako bali wa mabaki ya asidi hiyo. Yeyusha kwenye asidi haidrokloriki hafifu, kausha kwa baridi, rudia mara mbili au tatu.

Hii ndiyo florini inayotia meno kahawia kule Arusha? (Msomaji, Mikindani)

Siyo. Ile ni ioni ya floraidi kwenye maji, ambayo WHO inashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Hii imefungwa kwenye kaboni, na kifungo hicho ni kigumu mno. Lakini ugumu si usalama: vichaka vya jamii ya Dichapetalum, vinavyoota Afrika, vina floroasetati, ambayo mwili huigeuza florositrati na kuua mifugo.