Mpokee binti, pombe ibaki nje

Pole sana, mama. Binti yako wa miaka 24 karudi Uyole, Mbeya, na mimba asiyoipanga, anakunywa na kukudai hela kila siku. Nakuelewa, wangu alirudi hivyohivyo. Mpeleke kliniki mapema, kabla ya wiki 12, apimwe damu na kupewa vidonge vya madini ya chuma. Hela mkononi mimi sikumpa. Nililipa nauli ya bajaji, nikamwekea uji wa ulezi kwenye chupa ya chai. Pombe ndani, hapana, na hilo nilimwambia asubuhi, hajalewa. Ila usimtimue usiku, baridi ya huku unaijua. Ulevi mwelezeni muuguzi bila kuficha: aliyezoea pombe akiacha ghafla anaweza kupata degedege. Akitokwa damu, akivimba uso au akisema anataka kufa, hospitali saa hiyohiyo.